Mtego wa kutafsiri mwendo wa miguu kwa Kijapani

MFASIRI anayehamisha ripoti ya daktari wa mifupa kutoka Kiingereza hadi Kijapani hukumbana na kizingiti tangu neno la kwanza: mguu. Kijapani kina tamko moja, ashi, kwa mguu mzima na kwa sehemu inayokanyaga ardhi, jinsi Waswahili nao wasemavyo "mguu" kwa yote mawili. Maandishi ndiyo huokoa jahazi, kwani kila maana ina herufi yake ya kanji. Herufi ikikosewa, aliyevunjika muundi husomeka kana kwamba ameumia wayo.

Kwingineko Kijapani hukishinda Kiingereza kwa uwazi. Kupeleka paja nje na kulirudisha ndani kuna majina mawili ya Kiingereza yanayotofautiana kwa herufi moja tu, b na d, na jicho lililochoka huyachanganya kwa urahisi. Wajapani husema gaiten na naiten, ambapo kanji za mwanzo ni "nje" na "ndani" waziwazi. Kipindi ambacho mguu umekanyaga chini, takriban asilimia 60 ya mzunguko wa hatua, huitwa rikkyakuki, yaani mguu kusimama.

Ustadi huu wa kuunda istilahi ni wa kale. Mnamo 1774 Sugita Genpaku na wenzake walichapisha Kaitai Shinsho, tafsiri ya kitabu cha anatomia cha Kiholanzi, na humo wakabuni neno shinkei kwa maana ya neva. Latumika hadi leo.

Balaa hasa liko kwenye kifundo cha mguu. Kugeuza wayo uelekee ndani kuna majina mawili kwa Kiingereza, na waandishi hawaafikiani ni lipi la msogeo mmoja na lipi la misogeo mitatu kwa pamoja. Japani nayo ilibadili mambo Aprili 2022, vyama vya madaktari viliporekebisha istilahi: uchigaeshi, lililokuwa jina la msogeo changamano, likawa la msogeo mmoja, nalo kaigai likachukua nafasi yake.

Hivyo ripoti ya 2015 na ya 2023 zaweza kutumia neno lilelile kwa misogeo tofauti, na anayemnyoosha mgonjwa viungo baada ya upasuaji akaugeuza mguu kusikofaa. Mfasiri makini hutazama kwanza tarehe ya ripoti, kisha humuuliza daktari alikusudia msogeo upi. Asipopata jibu, ni heri aueleze kwa sentensi nzima.