Moyamoya: Kiharusi cha Kuziba na cha Kupasuka

Kiharusi kipo cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka. Katika ugonjwa wa moyamoya, vyote viwili vina chanzo kimoja.

Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Japani mwaka 1957. Ateri mbili kubwa zinazopanda shingoni husinyaa kidogo kidogo pale zinapogawanyika chini ya ubongo. Mwili hujitetea kwa kukuza vimishipa vingi vyembamba ambavyo kwenye picha ya mishipa huonekana kama moshi unaofuka, kwa Kijapani "moyamoya". Ndiyo maana madaktari Jiro Suzuki na Akira Takaku waliupa jina hilo mwaka 1969.

Tatizo ni kwamba vimishipa hivyo ni dhaifu kwa kazi hiyo. Baada ya miaka ya kubeba damu kupita uwezo wake, ukuta hutuna na kufanya kifuko, yaani anyurizimu, au hupasuka tu. Damu humwagika ndani ya ubongo, mara nyingi hadi kwenye vyumba vya maji vilivyo katikati. Vifuko vingine huota kwenye ateri kubwa za nyuma ya ubongo, zinazofidia zile za mbele zilizoziba. Watoto hupatwa zaidi na kiharusi cha kuziba, yaani cha ubongo kukosa damu. Kuvuja damu huwapata zaidi watu wazima.

Kifuko cha ateri kubwa huweza kubanwa kwa klipu. Cha kimishipa ni kigumu kukifikia, na kukiziba kunaweza kuinyima damu sehemu ya ubongo. Dawa ya kudumu ni kupunguza mzigo: daktari huunga ateri ya ngozi ya kichwa na ateri iliyo juu ya ubongo. Katika utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2014 kwa wagonjwa waliowahi kuvuja damu, 5 kati ya 42 waliopasuliwa walivuja tena ndani ya miaka 5. Kwa wasiopasuliwa walikuwa 12 kati ya 38.

Kwetu Afrika Mashariki, selimundu nayo huweza kusinyaza ateri hizo hizo. Mzazi, mtoto mwenye selimundu akilegea mkono au mdomo ukienda upande, mpeleke hospitali hata kama hali hiyo imepita baada ya dakika chache. Mtu mzima akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, naye akimbizwe. Msimpe aspirini nyumbani: kama mshipa umepasuka, itaongeza kuvuja.