Bei ya Bandarini na Bei ya Nakaloke

Nakaloke yetu, jirani na Mbale nchini Uganda, haina bandari. Friji la mama, dhahabu ya bibi harusi na gari la kufanyia kazi ya taksi kati ya Mbale na Soroti hununuliwa mbali: Deira kule Dubai, soko la Mutrah mjini Muscat, au kwenye yadi za magari Japani. Mzigo wa baharini hushushwa Mombasa, husafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Malaba, kisha hupita Tororo na Mbale ndipo ufike kwetu. Kila kituo kina mtu anayepokea pesa, na kila kituo kina tapeli anayejifanya ndiye huyo.

Ndugu zetu mlioko Ghuba, Ulaya na kwingineko, nanyi wa nyumbani mnaoagiza, tunawaomba mshike kanuni moja: lolote analosema muuzaji lithibitishwe kwa mtu asiyefaidika na uuzaji huo, na lithibitishwe kabla pesa haijatoka.

Dukani

Dhahabu ya Dubai ina bei ya siku kwa kila gramu, na maduka huibandika wazi. Kinachojadiliwa ni ujira wa sonara, na hapo ndipo mgeni hulipishwa kupita kiasi. Tazama muhuri: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Dai risiti inayotenganisha uzito, karati na ujira. Kama pambo lina mawe, uliza kama uzito wake umetolewa, usije ukalipia jiwe kwa bei ya dhahabu. Anayekufuata njiani kukunong'oneza kuhusu saa na mikufu iliyoko ghorofani, mpite.

Mtalii katika Falme za Kiarabu anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 5, akinunua vitu vya dirham 250 au zaidi kwenye duka lililojiunga na mpango huo. Mwenye kibali cha ukaazi hahusiki. Kwa hiyo dada anayefanya kazi huko akiambiwa "utarudishiwa uwanja wa ndege," asiikubali bei kwa sababu ya ahadi hiyo.

Simu iwashe palepale. Bonyeza *#06# na ulinganishe namba ya IMEI na ile iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Usiruhusu simu uliyokwisha kuijaribu ipelekwe nyuma ya kaunta "kufungwa vizuri," maana huko ndiko hubadilishwa. Uliza pia waranti inatambulika nchi gani.

Friji na pampu zina jambo lao. Umeme wa Uganda, kama wa Falme za Kiarabu na Omani, ni wa hezi 50. Wa Saudia ni hezi 60. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee huzunguka polepole kwetu, hupata moto na huweza kuungua. Soma kibandiko cha nyuma: kikionyesha 50/60, nunua.

Gari

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, isipokuwa aina chache. Matangazo mengi huonyesha mwaka wa usajili wa kwanza, ambao unaweza kuwa baada ya ule wa kutengenezwa. Omba namba ya chesisi na uhakikishe mwaka wenyewe. Kwa gari la Japani, omba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirisha nje, ulinganishe kilomita zilizoandikwa na zile za kwenye dashibodi. Ukinunua Dubai, hakikisha usukani uko kulia.

Kisha piga hesabu ya kodi kabla ya kulipa amana. Chukua gari ambalo bei yake, bima na nauli ya meli hadi Mombasa ni jumla ya dola 4,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 1,000. VAT ya asilimia 18, inayotozwa juu ya bei na ushuru pamoja, ni 900. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni 240, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni 60. Hiyo ni dola 2,200, bado kodi ya mazingira kwa gari kuukuu, ada ya usajili, ada nyinginezo na malipo ya wakala. Tena Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, inaweza kulikadiria gari kwa thamani ya juu kuliko uliyolipa. Viwango navyo huweza kubadilika kila Julai, bajeti mpya inapoanza. Waulize URA wenyewe, si dalali.

Pesa na karatasi

Lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni, si la mtu binafsi. Barua pepe ikija kusema akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo; wezi huingia kwenye barua pepe za wauzaji halali na kubadilisha namba za benki tu. Hati ya shehena, ile wafanyabiashara wanayoiita BL, ihakiki kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe. Wakala wa forodha naye awe kwenye orodha ya wenye leseni ya URA.

Unaposafirisha ndani ya kontena la pamoja, uliza nani anaandika orodha ya mizigo na uhifadhi nakala ya vitu vyako. Mmoja akificha bidhaa haramu, kontena zima hushikiliwa na gharama za kuhifadhi huongezeka siku hadi siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jihadhari zaidi na simu ya "mzigo wako umekwama Malaba, tuma pesa sasa hivi." Chini ya Eneo Moja la Forodha, lililoanza 2014, mzigo unaoingia kwa matumizi hulipiwa kodi kabla haujaondoka Mombasa, ilhali gari linaloenda bohari ya forodha hulipiwa likishafika. Kwa vyovyote vile, kodi ya URA hulipwa kwa namba ya malipo iitwayo PRN, benki au kwa simu. Haitumwi kwenye namba ya mtu. Anayekuharakisha hataki upate muda wa kuuliza.

Ukiwa umeshatapeliwa

Ipigie benki saa hiyohiyo, uombe malipo yazuiwe. Hifadhi ujumbe, risiti na namba zote, kisha ripoti polisi wa nchi ulikolipa na wa nyumbani pia. Usitume pesa nyingine kwa yeyote anayeahidi kukurudishia ya kwanza. Mara nyingi ni kundi lilelile.

Halafu waeleze wenzako katika jumuiya. Wengi huona aibu na kunyamaza, na tapeli huendelea kwa jirani kwa jina lilelile na akaunti ileile. Kabla ya kulipa, peleka nakala za karatasi kwa mwenzako aliyekwisha kuagiza. Kuzisoma hakumchukui hata saa moja, na pesa unayotaka kutuma ni jasho la miezi mingi.