Je, Wajua? Ajuza Anayeruka kwa Kinu

Je, wajua kwamba Warusi wanaye Baba ambaye ni bibi? Kwa lugha yao "baba" ni mwanamke, hasa aliyekula chumvi nyingi, na Baba Yaga ni ajuza wa msituni anayetisha watoto wa huko tangu zama za mababu. Wachawi wa kwetu husemwa kuwa wanapaa kwa ungo. Huyu hupaa ndani ya kinu, mchi ukiwa kasia lake, na kwa mkono wa pili anafagia njia nyuma yake asiache alama. Ungo, kinu, mchi, fagio: huku na huko, vyombo vya wachawi vimetoka jikoni.

Nyumba yake ni kibanda kilichosimama juu ya miguu ya kuku. Mgeni hakiendei mlangoni. Hukiamuru kwanza kiupe msitu mgongo, kimgeukie yeye. Katika hadithi ya msichana Vasilisa, iliyomo kwenye mkusanyo ambao Aleksandr Afanasyev aliuchapisha kati ya 1855 na 1863, ua wake umejengwa kwa mifupa ya watu, na juu yake yamepangwa mafuvu ambayo usiku macho yake huwaka moto. Taa za uani, tuseme.

Msomi Mikhail Lomonosov alimtaja katika kitabu chake cha sarufi ya Kirusi cha 1755. Alipanga miungu ya kale ya Waslavi sambamba na ile ya Warumi, kila mmoja na mwenzake, lakini Yaga hakupata wa kulingana naye. Mwaka 1874 Modest Mussorgsky akakitungia kile kibanda muziki wa piano, baada ya kuona mchoro wa saa iliyobuniwa kwa umbo lake na rafiki yake, Viktor Hartmann.

Na katika hadithi nyingine ya ajuza wa msituni, je, wajua kwamba mama wa kambo wa watoto Hansel na Gretel hapo mwanzo alikuwa mama yao mzazi? Ndivyo ndugu Grimm wa Ujerumani walivyoandika mwaka 1812. Ukambo uliingizwa katika toleo la 1840. Mchawi anayemnenepesha Hansel ili amle ana macho mekundu yasiyoona mbali, ndiyo maana Hansel akampapasisha kimfupa badala ya kidole, na bibi akashangaa mbona mtoto hanenepi.

Hayo macho mekundu siwezi kuyacheka. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ushahidi ukiwa wekundu wa macho tu, nao wekundu wenyewe ulitokana na miaka na miaka ya kupuliza moto wa kuni na wa samadi. Jiko tena.

Turudi kwa Vasilisa. Alitumwa kwa Baba Yaga kuomba moto, akapewa kazi kwanza: kufagia, kupika, kuchambua nafaka punje kwa punje. Alipozimaliza zote akaruhusiwa kuuliza. Akauliza habari za wapanda farasi watatu aliowaona njiani, mweupe, mwekundu na mweusi. Akajibiwa kuwa ni mchana, jua na usiku. Ya ndani ya nyumba hakuyagusa, na bibi akampongeza kwa hilo, maana wadadisi kupita kiasi yeye huwala.