Ngoma ya Bi Kidude

"Mjomba, eti mtu akizeeka ndiyo basi tena?"

Swali zuri hilo. Zuri sana, maana watu wazima wengi wanaliogopa, na wewe umeliuliza huku unakula embe. Njoo ukae hapa barazani. Sogeza hivyo viatu. Paukwa!

Pakawa.

Hapo zamani, wala si zamani sana, palikuwa na ngoma kubwa kisiwani Unguja. Ngoma yenyewe inaitwa msondo. Ingekuwa na mdomo, ingekusimulia hivi:

"Mimi ni msondo. Mwili wangu ni gogo lililochimbwa, uso wangu ni ngozi iliyowambwa. Nimepigwa na mikono mingi, mikubwa na midogo. Siku moja akanijia bibi mmoja mfupi, mwembamba, kajifunga kanga. Nikajisemea moyoni: Huyu? Huyu ataniweza? Bibi hakunijibu. Kwanza akanipeleka motoni, akanipasha ngozi pole pole, maana ngozi baridi hailii vizuri. Akanigonga kidogo kwa vidole. Akasikiliza. Akanirudisha motoni. Akanigonga tena. Akasikiliza tena. Kisha akanifunga kiunoni kwa kitambaa, akasimama wima, mimi nipo katikati ya miguu yake. Du! Nikashtuka. Du-du! Nikalia. Du-du-du! Wanawake wote uwanjani wakainuka. Na bibi akaanza kuimba, bila kipaza sauti, na sauti yake ikanipita mimi ngoma."

"Mjomba, bibi huyo ni wa kweli au wa hadithini?"

Wa kweli kabisa, mwanangu. Ngoma tu ndiyo niliyoipa mdomo mimi. Bibi huyo aliitwa Fatuma binti Baraka. Dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Husimuliwa kwamba jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa sababu alizaliwa mdogo mno. Wajomba ndivyo tulivyo, hatushindwi kumpachika mtoto jina.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Hapo sasa! Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Watu walikisia tu. Wengi walisema amepita miaka tisini, wengine wakasema amepita mia. Yeye mwenyewe hakuhangaika na hesabu hiyo. Watu waliandika habari zake, wakapiga filamu, wakabishana kuhusu umri wake, naye akawa anawasha sigara yake na kuendelea na mambo yake. Ndiyo, alivuta sigara. Hilo usimuige.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hadithi inaponoga. Bi Kidude alianza kuimba angali mtoto. Alipoozwa kwa nguvu, naye ana kama miaka kumi na mitatu tu, alitoroka akavuka bahari hadi bara. Aliimba, akarudi, akaimba tena. Alipaka watu hina. Aliuza dawa za miti shamba. Alipiga ngoma ya unyago, ile ya kuwafunda wasichana wanaoingia utu uzima. Usiniulize wanafundwa nini huko ndani. Mimi mwanamume, na ya unyago hayasemwi nje.

Lakini safari zake za kwenda mbali, za kupanda ndege na kuimba Ulaya, Uarabuni na Japani, alizifanya lini? Akiwa kijana?

"Akiwa kijana?"

Hapana! Akiwa bibi. Bibi hasa, mwenye mikunjo, mwenye mvi chini ya kilemba. Mwaka 2005, kule Uingereza, wanamuziki na mapromota kutoka nchi nyingi walikutana kwenye mkutano mkubwa wa muziki wa dunia uitwao WOMEX. Wakatoa tuzo yao kwa mtu aliyefanya kazi kubwa katika muziki. Wakampa nani? Wakampa bibi yetu. Fikiria vijana wote wale wenye magitaa ya kung'aa wamekaa pale, halafu linaitwa jina la bibi wa Unguja aliyevaa kanga.

"Sasa mjomba, mbona bibi yangu ana mikunjo mingi? Anaumwa?"

Swali zuri tena. Leo umeamka vizuri. Haumwi. Chini ya ngozi yako kuna nyuzi nyembamba sana, huzioni kwa macho, zinazoifanya ngozi ikibanwa irudi mahali pake. Hebu jibane mkono. Umeona? Imerudi mara moja. Miaka inavyokwenda, mwili hutengeneza nyuzi hizo kidogo zaidi, na jua nalo huzimaliza. Basi ngozi haina haraka tena ya kurudi. Inabaki na mstari pale bibi alipozoea kucheka. Mtazame pembeni mwa macho. Mistari ile inatokea hasa akicheka, tena akikucheka wewe.

"Na nywele nyeupe?"

Hapo wengi hukosea. Husema unywele umebadilika rangi. Unywele ukishatoka kichwani haubadiliki wenyewe kuwa mvi. Kwenye shina lake, ndani ya ngozi ya kichwa, kuna chembe zinazotia rangi, na rangi hiyo huitwa melanini. Umri ukienda, chembe hizo hupungua, mwisho huisha. Unywele mpya unaota tayari mweupe. Kwa hiyo mvi za bibi ni nywele mpya! Nenda kamwambie hivyo, utapewa kashata.

"Na sauti?"

Aa, sauti! Ndani ya koo lako kuna nyuzi mbili za sauti. Ukiimba, zinatetemeka. Umri ukienda, nyuzi hizo na misuli yake hubadilika, na sauti za wanawake wengi hushuka, huwa nzito kidogo. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, ina chumvi. Haikuwa sauti ya msichana. Wala hakujaribu kuifanya iwe ya msichana. Mimi naona hapo ndipo utamu wake ulipo. Wapo waimbaji wanaohangaika miaka yote kuificha sauti ya uzee. Yeye aliitoa yote.

Tena mkumbuke msondo wetu. Ngozi ikiwambwa mpya, haijatulia. Inalegea, inavutwa, inalegea, inavutwa tena. Mpigaji ana kazi ya kuizoea, nayo ina kazi ya kumzoea yeye. Ile iliyopigwa miaka na miaka, ikapashwa moto mara nyingi, ndiyo inayojua kulia. Najua utaniambia mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi mwenyewe nina mvi. Sawa. Lakini sisemi uongo.

"Mjomba, Bi Kidude naye alifundishwa na nani?"

Ee! Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Njoo nikupe kipande kingine cha embe.

Kabla ya Bi Kidude palikuwa na mwanamke mwingine, mkubwa kwake. Huyo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Kwao walifinyanga vyungu. Siti alikuwa akivichukua vyungu hivyo akienda kuviuza, na njiani alikuwa akiimba. Watu walimsikia kabla hawajamwona. Mwaka 1911 akahamia mjini. Hesabu mwenyewe: 1911 toa 1880.

"Thelathini na moja!"

Hongera, kichwa chako kinafanya kazi. Miaka thelathini na moja, ndiyo kwanza anaanza kujifunza kuimba na vyombo vya taarabu. Halafu mwaka 1928 akapanda meli yeye na wenzake, wakavuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri. Zile nyeusi za duara unazoziona kwa babu. Taarabu wakati ule ilikuwa ikiimbwa sana kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na sahani zake zikapigwa mitaani, watu wakazikusanyikia. Haya, hesabu tena: 1928 toa 1880.

"Arobaini na nane?"

Arobaini na nane! Mama wa umri huo leo wengine wanamwambia apumzike. Siti ndiyo kwanza sauti yake inaanza kusafiri peke yake ndani ya sanduku. Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa, aliona maisha hayo yanafaa kitabu, akaandika wasifu wake. Utausoma ukifika madarasa ya juu. Usipousoma nitakuuliza.

Basi Kidude alikuwa msichana, na Siti alikuwa mwanamke mzima mwenye jina. Kidude alimsikiliza. Akarudi, akamsikiliza tena. Hapakuwa na daftari, hapakuwa na ubao. Aliokota nyimbo kwa masikio. Siti alifariki mwaka 1950, lakini miaka mingi baadaye nyimbo zake bado zilitoka kwenye koo la Bi Kidude.

Unaona kilichotokea? Msichana alimtazama mwanamke aliyemzidi umri, akasema moyoni: nami nataka kuwa hivi. Hakusema nitakuwa hivi kesho. Alisubiri, akafanya kazi, na uzee ulipofika ukamkuta ana kitu mkononi.

"Kwa hiyo uzee ni raha tupu?"

Hapana, mwanangu. Nikikwambia ni raha tupu nitakuwa nakudanganya, na magoti yangu yatanisuta nikisimama. Uzee unauma. Macho yanapungua, usiku unaamka mara kwa mara, marafiki wanatangulia. Na pesa zinapungua hasa kwa bibi zetu, maana wengi wao wamefanya kazi maisha yao yote, wamelima mwani, wamesuka ukili, wamelea wajukuu, lakini hawakuwahi kuajiriwa popote. Nani atawalipa kiinua mgongo? Bi Kidude mwenyewe, pamoja na tuzo zote hizo, hakufa tajiri.

Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza kutoa pensheni jamii. Kila mzee aliyefikia miaka 70 anapewa, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapandishwa hadi 50,000. Si nyingi. Bei ya samaki unaijua. Lakini mtazame bibi siku anapozipokea: anazikunja, anazifunga kwenye ncha ya kanga, na siku hiyo ni yeye anayemtuma mtu dukani kwa pesa zake mwenyewe. Hilo nalo ni jambo.

"Bi Kidude alizipata?"

Hakuzipata. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, huko Bububu. Kumzika walikuja watu wengi ajabu, wakubwa kwa wadogo. Wanawake walilia, na wengine wakaimba huku wanalia.

"Na ngoma, mjomba? Ngoma nayo ilikufa?"

Ngoma! Ngoma haijafa. Hapo mjini, Forodhani, kwenye jengo la zamani la forodha, kulifunguliwa mwaka 2002 chuo cha muziki wa nchi za jahazi. Wasichana wakaingia na udi, wakaingia na kanuni, wakaingia na fidla. Zamani katika taarabu wanawake waliachiwa kuimba, vyombo vikashikwa na wanaume. Sasa kipo kikundi cha Tausi, cha wanawake watupu, nao wanapiga vyombo wenyewe. Na yupo mwimbaji anaitwa Siti Muharam. Jina umelisikia? Yeye ni kitukuu cha Siti binti Saad. Mwaka 2020 alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja, ameimba nyimbo za bibi yake mkuu. Fumba hadi Bombay, Bombay hadi kwa kitukuu. Nikizisikia nyimbo hizo huwa naacha kazi.

"Mjomba, bibi yangu hajui kuimba."

Nani kakwambia? Umewahi kumuuliza?

"...Sijamuuliza."

Basi. Wewe mtoto hodari wa maswali unaniuliza mimi tu, wakati bibi amekaa ukumbini. Nenda kamwamkie vizuri, shikamoo yako isikike. Muulize alipokuwa na umri wako alicheza mchezo gani. Muulize nani alimfundisha kusuka ukili, na huyo naye alifundishwa na nani. Muulize ngoma gani alizocheza harusini kwake, na kama anakumbuka maneno. Muulize kitu gani alijifunza akiwa tayari mtu mzima, maana hilo hakuna anayemuuliza, na mimi nalijua jibu lake, ni cherehani. Usiandike haraka haraka. Akinyamaza, ngoja, anatafuta.

Ukimkuta anasali, msubiri amalize. Ukimkuta anatazama tamthilia yake ya Kituruki, msubiri zaidi, tena usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekutuma.