Alkoli ya masomo na lutuku ya mtaani



Ndani ya kabati ya shimi, kuko chupa ya maji meupe yenye harufu kali. Mwalimu anaiita etanoli. Mtaani, watu wanakunywa etanoli ile ile ndani ya lutuku. Wanafunzi fulani wanasema: "Kama ni kitu kimoja, tukionja kuko ubaya gani?" Jibu la ulizo hilo linaweza kuokoa macho ya mtu, hata uzima wake.

Inatengenezwa namna gani?

Alkoli inaanzia ku sukari. Mahindi na mihogo ziko na wanga, ile mwalimu anaita amido. Mama anayepika lutuku analoweka mahindi mpaka yanachipuka, kisha anayaanika na kuyasaga. Mahindi yaliyochipuka yanageuza wanga kuwa sukari. Halafu chachu, ile Yesu alitaja katika mfano wa mwanamke na unga, inakula sukari na kutoa alkoli pamoja na gazi inayoleta povu. Gramu 180 za glukozi zinaweza kutoa gramu 92 za alkoli na 88 za gazi.

Lakini alkoli ikikaribia 15 kwa 100, chachu inakufa. Ndiyo maana kunahitajika moto. Maji yanachemka kwa digri 100, alkoli kwa 78. Basi mvuke wenye alkoli nyingi unapanda mbele, unapita mu tiyo, na maji baridi yanaugeuza kuwa matone. Kiwanda kinarudilia kazi hiyo mpaka kufikia karibu 96 kwa 100. Viwanda vingine vinatumia eteni, gazi inayotoka ku petroli, pamoja na mvuke wa maji.

Kazi yake ku masomo

Chukua jani bichi, lichemshe mu maji, kisha litie mu alkoli ya moto. Rangi ya kijani inatoka yote. Osha jani, tonesha yodi: penye wanga panakuwa peusi kama buluu. Lakini usiweke alkoli juu ya moto! Zima moto, kisha simamisha chupa ndani ya maji ya moto. Alkoli itachemka kwa joto lile tu. Mvuke wake unashika moto upesi, na ndimi zake za buluu hazionekani vizuri mchana.

Wauguzi pia wanaitumia kwa kuua vijidudu. Ile ya 70 kwa 100 inafanya kazi kuliko ya 96, kwa sababu maji yanaisaidia kuingia.

Hatari iko wapi?

Alkoli ya labo ao ya kuwashia mara nyingi imechanganywa na sumu makusudi, watu wasiinywe. Sumu moja ni metanoli. Mwilini inageuka asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mtu anapofuka, ao anakufa. Harufu, ulimi, hata kuiwasha, haviwezi kukuonyesha tofauti.

Mahindi yenyewe yanatoa metanoli kidogo sana. Hatari kubwa ni muuzaji anayeongeza alkoli ya kiwanda ndani ya lutuku ili ikuwe kali. Tena pipa iliyobeba asidi ao mafuta inaweza kuacha sumu. Na hata lutuku safi, hakuna anayepima nguvu yake.

Tufanye nini?

Kama mtu amekunywa, na kisha anaumwa kichwa na tumbo, ao anaona kama ukungu, musingojee alale. Dalili zinaweza kukawia siku nzima. Mumpeleke hospitali mara moja, pamoja na chupa.

Tunajua mama wengi wamelipa masomo ya watoto na pesa ya lutuku. Hatuandiki kwa kuwahukumu. Lakini mama asikubali kamwe kuongeza alkoli ya chupa. Na wewe kijana, ile umejifunza mu shimi isiishie ku egzame: uieleze nyumbani, kwa heshima.