Rangi Iwakayo Penye Maradhi

Mwaka 1906, tabibu wa Kijerumani Alois Alzheimer aliwahutubia wenziwe mjini Tübingen juu ya mwanamke aliyefariki baada ya miaka ya kupotewa na akili, akawaeleza mabonge aliyoyaona kwa hadubini katika ubongo wake. Mabonge hayo ni amiloidi, yaani protini ambayo, badala ya kuondoka, hujipanga mithili ya nyuzi na kuganda baina ya chembe za ubongo; na karibu karne nzima ikapita matabibu wasiweze kuyaona kwa yakini ila mgonjwa alipokwisha kukata roho.

Kilichowafaa maabarani ni rangi za kutilia nguo, na hasa ile ya manjano iitwayo thioflavini T, ambayo watafiti Vassar na Culling waliitumia kuidhihirisha amiloidi mwaka 1959. Molekuli yake ina pande mbili zilizoungwa kwa kiungo kimoja, nazo, zikiwa huru majini, huzunguka na kuipoteza kwa mzunguko huo nguvu yote ya nuru iliyozipiga. Lakini ikipata kujipachika katika mfereji wa uzi wa amiloidi, hushikika, isiweze kuzunguka tena, na nguvu ile, kwa kukosa njia nyingine, hutoka kama mwanga. Fadhila yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kule kunyamaza kwake pasipo na maradhi.

Lakini mishipa ya damu ya ubongo ina ubawabu mkali, na thioflavini T, kwa sababu ya chaji yake ya umeme, hairuhusiwi kupita. William Klunk na Chester Mathis wa Pittsburgh, Marekani, waliiondoa chaji hiyo, wakatia kaboni-11 yenye mnururisho, na mwaka 2002, huko Uppsala, Sweden, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya amiloidi yake angali hai. Ni ushindi mkubwa. Ila mitambo ya kupigia picha hiyo ni ya gharama kubwa, na nusu ya kaboni hiyo hutoweka kila dakika 20.

Ndipo wengine wakairudia nuru. Mwaka 2009 wataalamu wa Boston walieleza rangi waliyoiita CRANAD-2, waliyoiunda kutokana na kurkumini, kile kiini cha manjano tutiayo mchuzini, nayo hung'aa kwa nuru iliyo ng'ambo ya wekundu, isiyoonekana kwa macho ila hupenya nyama kuliko nuru nyingine. Kwayo waliiona amiloidi katika bongo za panya walio hai. Fuvu la panya, hata hivyo, ni jembamba. La binadamu ni nene, na nuru hutawanyika humo kabla ya kufika nje.