Mwalimu wa lugha ugenini hana budi kuwa mwanafunzi kwanza

WAHENGA walituasa kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hii niliifundisha miaka na mikaka kabla ya kunifika mimi mwenyewe mjini Osaka, Japani.

Nilikuwa nimealikwa huko kufundisha Kiswahili. Mwenzangu mmoja akaniomba nimshikie darasa lake la jioni la Kiingereza cha biashara katika kampuni inayouza vipuri ng'ambo. Haja ya masomo hayo Japani ni kubwa. Mwaka 2010, kampuni ya Rakuten ilitangaza kwamba Kiingereza kingekuwa lugha yake rasmi ya kazi, hata baina ya Wajapani wenyewe kwa wenyewe.

Basi nikaingia darasani na kitabu kilichochapishwa Uingereza. Somo la kwanza: itaneni kwa majina ya kwanza. Somo la pili: sema unachofikiri bila kuzungukazunguka. Mbele yangu waliketi watu 12: meneja wa idara, mtu wa rika langu, na vijana walio chini yake kazini.

Nilimwita meneja kwa jina lake la kwanza, kavukavu. Kisha nikampanga aigize muuzaji, na kijana mmoja aigize mnunuzi anayeikataa bei. Kijana akanyamaza. "Sema hapana!" nikamhimiza. Akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Nikadhani mchezo umemnogea! Meneja alipokosea njeo ya kitenzi, nililiandika kosa lake ubaoni, wote wakaliona.

Wiki iliyofuata meneja hakuja. Nililetewa ujumbe wenye adabu tele kwamba kazi zimemzidi. Hakurudi tena.

Mwenzangu aliponieleza nilichokifanya, nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kile kicheko hakikuwa cha furaha bali cha fadhaa. Nilikuwa nimemtaka kijana ampinge mkubwa wake hadharani, na mkubwa mwenyewe nikamsahihisha mbele ya wadogo zake.

Lakini hebu fikiri, msomaji. Je, ingenihitaji kwenda Japani kuyajua haya? Nani kwetu angemwita mzee wa watu kwa jina tupu, bila "mzee", "baba" au "bwana"? Wajapani nao huambatisha "san" kwenye jina la mtu kwa heshima. Kosa langu basi halikuwa kutoijua adabu ya Wajapani tu. Niliiacha hata adabu ya kwetu mlangoni, kwa kudhani kwamba Kiingereza hakiihitaji.

Mwanaisimu Dell Hymes alitufunza kwamba kuijua lugha si kujua sarufi pekee. Ni kujua pia nani aseme nini, na nani, wapi na vipi. Huo ndio umilisi wa mawasiliano. Penelope Brown na Stephen Levinson nao, katika nadharia yao ya upole katika lugha, waliijenga hoja yao juu ya dhana ya uso, yaani hadhi ambayo kila mzungumzaji angependa ilindwe. Waswahili hawahitaji kufafanuliwa sana hapa. Sisi husema mtu aliyeaibika hana uso wa kurejea. Meneja wangu hakuwa na uso wa kurejea, na aliyemvunjia uso huo ni mimi.

Je, dawa ni kuvunja jicho, tufundishe Kiingereza kilekile ila tuufiche ukavu wake? Nilidhani hivyo hadi yule kijana aliponifuata baada ya kipindi kimoja. Aliniuliza, "Mwalimu, tukimwambia mteja wa Marekani kwamba jambo fulani ni gumu kidogo, huelewa kwamba tumekataa?"

Nikamjibu kwamba yamkini haelewi. Kwa Mjapani, "ni gumu kidogo" aghalabu ni hapana kamili. Mmarekani huenda akasikia kizingiti kidogo kinachongoja kuondolewa. Hali kadhalika "hai", neno la Kijapani tunalolifasiri kuwa ndiyo, mara nyingi humaanisha "nakusikia" tu, wala si "nimekubali".

Kijana akashusha pumzi. Alikuwa amemwambia mteja maneno hayohayo mwezi mmoja uliopita. Mteja bado alikuwa akiisubiri shehena, na sasa alikuwa akimwita mwongo.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu. Kijana yule hakuhitaji kufanywa Mmarekani. Wala hakuhitaji mwalimu mwenye staha kiasi cha kumficha jinsi maneno yake yanavyosikika upande wa pili wa meza. Alihitaji kuzijua njia zote mbili, kisha achague mwenyewe.

Tulianza upya. Tulijifunza kukataa kwa hatua: kushukuru, kutoa sababu, kutamka wazi kwamba haiwezekani, kisha kupendekeza jambo jingine. Waliandaa mazungumzo wawili wawili kabla ya kusimama mbele ya wenzao. Hakuna aliyeagizwa kumpinga mkubwa wake. Makosa niliyaandika kwenye vikaratasi, kila mtu akapewa chake. Kijana alimwandikia mteja wake barua mpya, na safari hii hapana ilikuwa hapana.

Nayasimulia haya kwa sababu baadhi ya vijana wetu sasa hufundisha Kiingereza na hata Kiswahili ng'ambo, wengine kupitia mtandaoni. Kabla ya kufungua kitabu, waulizeni wanafunzi wenu maswali matatu. Kwenu mkubwa huitwaje? Hukataaje? Hukosolewaje? Majibu yao ndiyo somo la kwanza, na mwanafunzi wa somo hilo ni mwalimu.

Mimi sikuuliza. Yule meneja alikuja kujifunza lugha, nikamtoa darasani kwa somo la pili tu.